Kitabu hakisongi mbele na nyumbani kuna watoto wadogo: dalili, vyanzo na tiba

Mzazi anayependa vitabu akiulizwa kwa nini hasomi siku hizi, jibu huwa moja: "Muda sina." Jibu hilo linaficha mambo mengi. Anayesinzia kwenye ukurasa wa pili hana shida moja na yule anayenyang'anywa kitabu na mtoto wa miaka 2, na wote wawili hawafanani na yule anayefungua riwaya asikumbuke nani ni nani. Dawa ya mmoja haimsaidii mwingine. Ndiyo maana tumeupanga mwongozo huu kwa malalamiko yenyewe, kama yanavyosemwa. Tafuta lako, soma chanzo chake, kisha jaribu tiba moja kwa wiki nzima kabla ya kuongeza nyingine. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo, hutajua lipi limekufaa.

Anza kwa kupima

Chukua karatasi, ibandike mahali unapopita mara nyingi, na kwa siku 3 andika kila nafasi uliyopata ya dakika 5 au zaidi. Andika saa, dakika ngapi, na mikono yako ilikuwa inafanya nini. Mfano: "saa 1:40 asubuhi, dakika 9, mkono mmoja, mtoto ananyonya." Au: "saa 8:15 mchana, dakika 25, mikono miwili, wamelala." Habari ya mikono ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayoamua usome nini.

Nafasi za mikono miwili na utulivu wa dakika 20 kwenda juu ni chache katika nyumba yenye watoto. Hizo ziwekee kitabu kinachodai akili yako yote. Nafasi za mkono mmoja zinafaa hadithi fupi, mashairi, insha, au riwaya yenye sura fupi, na kitabu chenyewe kiwe chepesi, cha jalada laini, kisichojifunga ukikilegezea mkono. Mtoto mchanga anayenyonyeshwa hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kwa hiyo nafasi za namna hii hutazipata tena kwa wingi huo. Nafasi zisizo na mkono hata mmoja, kama wakati wa kuosha vyombo au kukunja nguo, ni za kitabu cha kusikiliza. Kosa tunaloliona kuliko yote ni mzazi kukipeleka kitabu kigumu kuliko vyote kwenye nafasi mbovu kuliko zote, kisha kujilaumu kwamba hasomi.

Pima pia kasi yako. Weka kipima muda cha dakika 10, soma kama kawaida yako, hesabu kurasa. Tuseme umesoma kurasa 6. Kitabu cha kurasa 300 kitakuchukua dakika 500, na ukipata dakika 20 kwa siku utakimaliza siku ya 25. Hesabu hii ni muhimu kwa sababu anayedhani kitabu kitamchukua nusu mwaka hukiacha kabla hajakianza.

"Nafasi naipata, ila inaishia kwenye simu"

Chanzo hapa ni umbali. Simu iko mfukoni, kitabu kiko chumba cha pili, na mtoto amelala begani. Hakuna atakayeinuka.

Tiba ni kuweka vitabu mahali ambapo mwili wako hukaa. Angalia karatasi yako ya siku 3, chagua sehemu tatu zilizojirudia, na kila moja ipe kitabu chake kisichohama: kimoja kando ya kiti cha kunyonyeshea au kulishia mtoto, kimoja karibu na jiko lakini mbali na mvuke, kimoja ndani ya mkoba wa nepi. Kusoma vitabu vitatu kwa wakati mmoja hakuvurugi akili kama vinatofautiana kwa aina. Riwaya mbili zenye wahusika wengi zitachanganyika, lakini riwaya moja, mashairi na kitabu cha maarifa havigombani. Kando ya kiti, kitabu kikae upande wa mkono unaobaki huru. Ukimshikia mtoto kwa mkono wa kushoto, kitabu kiwe kulia. Jambo dogo, lakini kitabu kilichoko upande usiofikika ni sawa na kitabu kisichokuwepo.

Kama unasomea kwenye simu yenyewe, programu ya kusomea iweke peke yake kwenye ukurasa wa kwanza wa kioo, na zima arifa zote isipokuwa simu za watu wanaoweza kukuhitaji kwa dharura.

"Nasinzia kabla ya ukurasa wa tatu"

Lalamiko hili lina vyanzo vinne, na ni lazima uvitenganishe.

Cha kwanza ni deni la usingizi. Kipimo chake ni hiki: ukikaa kimya saa yoyote ya mchana, bila kitabu, unapitiwa na usingizi ndani ya dakika chache? Kama ndiyo, kitabu hakina kosa. Lala. Kwa wiki mbili nafasi zako za mchana zipe usingizi, si kusoma, na kama kuna mtu mwingine nyumbani, gawaneni usiku kwa zamu ili kila mmoja apate saa kadhaa mfululizo. Kumlazimisha mzazi aliyechoka hivi asome ni kumfundisha mwili wake kwamba kitabu ni adhabu.

Cha pili ni saa. Wengi hungoja watoto walale usiku, na hiyo ndiyo saa ambayo nguvu za siku zimekwisha. Hamishia kusoma kwenye usingizi wa mchana wa mtoto, na usome dakika 20 za mwanzo, kabla ya kazi za nyumbani, si baada yake. Ukianza na vyombo, usingizi wa mtoto utakwisha na vyombo. Au amka dakika 15 kabla yao, lakini kwa sharti kwamba umelala dakika 15 mapema.

Cha tatu ni mkao. Anayesoma akiwa amelala chali atalala. Kaa, miguu iguse chini, taa itoke nyuma ya bega.

Cha nne ni kitabu chenyewe. Kama unasinzia kwa kitabu hiki na huwa husinzii kwa kingine, umepata jibu.

Hapa kuna onyo ambalo hatutaki ulipite kwa haraka. Usisome ukiwa umempakata mtoto mchanga kwenye sofa au kiti cha mikono huku macho yanafumba. Kupitiwa na usingizi na mtoto mahali hapo kunaongeza sana hatari ya mtoto kukosa hewa au kufariki ghafla usingizini. Ukiona umesoma mstari mmoja mara mbili, mlaze mtoto chali kwenye kitanda chake kwanza, godoro liwe gumu na pasiwe na mito, kisha ndipo uamue kama unaendelea.

Taa kali ya simu au kishikwambi saa za mwisho za usiku ina tatizo la kinyume: inazuia mwili kutoa homoni ya usingizi, kwa hiyo unachelewa kulala na kesho unasinzia zaidi. Usiku tumia karatasi chini ya taa ya mwanga wa njano, au kisomaji ambacho kioo chake hakiwaki kwa nyuma.

"Nasoma ukurasa uleule mara tatu, wahusika nawasahau"

Ubongo wa mtu anayekatizwa usingizi hushika mambo machache kwa wakati mmoja. Ongeza kwamba unakatizwa katikati ya sentensi, na kila ukirudi unaanza kwa kutafuta ulipoishia. Nusu ya nafasi ya dakika 8 inaishia kwenye kutafuta.

Kata kipande cha karatasi ngumu, upana wa vidole vinne, urefu wa kitabu. Hicho ndicho kikaratasi chako cha alama, na kinafanya kazi tatu. Upande wa mbele andika wahusika kadiri wanavyojitokeza, kila mmoja kwa maneno machache: "Mama mkwe, mkali, anajua siri ya shamba." Upande wa nyuma, kila unapofunga kitabu, andika mstari mmoja tu wa kilichotokea. Na kikaratasi chenyewe kiwekee mlalo mmoja daima: ukingo wa juu ulingane na mstari ulioishia. Mtoto akilia katikati ya aya, unakisukuma ndani na kuinuka. Ukirudi, unajua ni mstari upi. Kikaratasi kikianguka, umepoteza mahali, kwa hiyo kwa kitabu chako mwenyewe weka pia nukta ya penseli pembeni.

Ukirudi baada ya saa chache, anza nusu ukurasa nyuma. Ukirudi baada ya siku 4 au zaidi, rudi mwanzo wa sura. Watu huona hili ni kupoteza muda, na matokeo yake husonga mbele bila kuelewa, hamu inakufa, na kitabu kinabaki njiani.

Na kabla ya kuchukua kitabu kipya, fungua sura tano tofauti uhesabu kurasa zake. Kama nafasi yako ya kawaida ni dakika 10 na unasoma kurasa 6, kitabu chenye sura za kurasa 30 kitakuchosha hata kiwe kizuri namna gani. Kiweke kando kwa sasa.

"Nikikifungua tu, mtoto huyo amefika"

Uso ukiinama kwenye kitabu, kwa mtoto mdogo ni mlango umefungwa. Anakuja kuugonga. Huo si utundu, na kumkemea kunamfundisha kwamba kitabu kinamnyang'anya mzazi wake.

Mpe kwanza. Dakika 10 za kukaa naye chini, simu ikiwa mbali, yeye akiongoza mchezo, hununua utulivu zaidi kuliko saa nzima ya kumpa umakini wa nusunusu. Baada ya hapo mwambie kwa maneno machache: "Sasa mama anasoma mpaka mchanga uishe." Saa ya mchanga ni bora kuliko kipima muda cha simu, kwa sababu mtoto anauona muda ukipungua. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 3 anza na dakika 2. Ndiyo, 2. Wa miaka 4 au 5 anza na 5. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki kama wiki iliyopita ilipita vizuri.

Jaribio hili huharibika kwa namna moja inayojirudia. Mchanga unaisha, mzazi yuko mahali pazuri, anasema "ngoja kidogo." Mtoto hapo amejifunza kwamba mchanga hauna maana, na kesho hatausubiri. Mchanga ukiisha, funga hata kama sentensi haijaisha, mgeukie, msifu kwa kusubiri. Baada ya wiki kadhaa za uaminifu wa namna hiyo ndipo utakapopata dakika 15 zako.

Kaa chini sakafuni badala ya kwenye kiti, na pembeni yako weka kikapu chenye vitabu vyake 5 hadi 7, si 30. Badilisha vichache kila wiki. Mtoto aliyefikia umbali wa kukugusa hudai kidogo kuliko aliyeachwa upande wa pili wa chumba. Wengi wataanza kufungua vyao wenyewe, wakikutazama unavyofungua chako. Kitabu cha karatasi kina faida hapa. Mzazi mwenye simu mkononi, mtoto hawezi kujua kama anasoma riwaya au anaangalia picha.

"Kimechanwa, kimetafunwa, kimemwagiwa"

Kuanzia miezi 8 au 9 hivi mtoto huanza kushika kitu kwa kidole gumba na cha shahada, na karatasi inayopasuka kwa sauti ni zoezi tamu kuliko yote. Mpe vitabu vyake vya kurasa ngumu za boksi, na vyako viwe juu kuliko mkono wake ukinyooshwa akiwa amesimama juu ya kiti.

Kitabu kikilowa maji, usitenganishe kurasa zilizogandamana zikiwa chepechepe, zitachanika. Kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimeachanaachana, na kila baada ya kurasa 10 hadi 20 pachika karatasi nyeupe ya kufyonza maji isiyo na maandishi. Badilisha karatasi hizo zinapolowa. Feni ipulize chumba, isikipulize kitabu chenyewe. Jua kali, pasi na kikausha nywele hukunjakunja kurasa. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya vitabu vizito kwa siku moja au mbili. Una takriban saa 48 kabla ukungu haujaanza. Kama huna nafasi leo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiweke kwenye friza, utakikausha siku nyingine. Kurasa zinazong'aa ni kesi ngumu zaidi: zikikaukia pamoja hazitengani tena, kwa hiyo kila ukurasa unahitaji karatasi yake zikiwa bado zimelowa. Maziwa yafute kwanza kwa kitambaa chenye maji safi, la sivyo kitabu kitanuka.

Ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu kama unakipenda kitabu. Gundi yake hugeuka njano na kuingia kwenye karatasi, na baadaye plastiki hubanduka ikiacha doa. Pika wanga sehemu 1 kwa maji sehemu 4 mpaka uwe uji mzito unaong'aa, uache upoe, paka kidogo sana kwenye kingo za mpasuko, funika kwa kipande chembamba cha karatasi nyepesi ya nyuzi ndefu, weka karatasi ya nta juu na chini, kandamiza kwa usiku mzima. Vitabu vya mtoto mwenyewe ni habari nyingine: vizibe kwa selotepu, lakini kagua mara kwa mara, maana kipande kilichobanduka huishia mdomoni.

"Kuwasomea wao kumenimalizia hamu yangu"

Kitabu kilekile kwa mara ya ishirini kinamchosha mtu mzima, lakini kurudia ndiko kunakompa mtoto maneno mapya na kumwezesha kubashiri kinachofuata. Usilikatae ombi lake, badilisha kazi yako ndani yake. Simama kabla ya neno la mwisho la sentensi, yeye alimalizie. Uliza "kwa nini amekasirika?" badala ya "huyu ni nani?" Baada ya siku chache yeye ndiye anayekisimulia na wewe unapumzisha koo. Weka pia idadi tangu mwanzo: vitabu 3, kimoja umechagua wewe.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji hadithi ya watoto. Anahitaji sauti yako na uso wako, na akiwa mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake. Kwa hiyo msomee riwaya yako kwa sauti, polepole, mkitazamana kila mwisho wa aya. Hii ni miezi ya dhahabu na wazazi wengi huipita bila kujua.

"Nikisoma naonekana nimekaa bure"

Kusoma hakuna jasho, kwa hiyo kila mtu nyumbani huona ni halali kumkatiza msomaji. Maneno kama "nisaidie nipate muda" hayatoshi. Kubalianeni siku, saa na dakika: kwa mfano Jumanne na Jumamosi, dakika 40, mwenza wako anawatoa watoto chumbani na haulizi chochote mpaka zipite. Naye apate zake sawasawa kwa jambo analolipenda. Anayelea peke yake anaweza kubadilishana saa na mzazi mwingine au ndugu, kwa ratiba iliyoandikwa.

"Kitabu cha kusikiliza kinanipita masikioni"

Mara nyingi mikono inafanya kazi inayohitaji maneno, kama kuandika ujumbe au kupanga orodha. Sikiliza kwenye kazi ambazo mikono inazijua. Anza na kitabu ulichowahi kusoma, kwa kasi ya kawaida, na ongeza kasi baadaye. Kifaa cha masikioni kiwe kwenye sikio moja tu. Wakati wa kumwogesha mtoto kusiwe na kitabu wala kifaa masikioni: mtoto mdogo huzama kwenye maji ya sentimita chache, na huzama kimya.

"Herufi zinacheza usiku"

Ukikisogeza kitabu mbali na herufi zikatulia, na umefika miaka 40 hivi, pengine ni miwani ya kusomea tu. Kapime macho. Kwa walio wadogo zaidi, kwanza ongeza mwanga na pumzisha macho kwa kutazama mbali.

Taa ndogo za kubana kwenye kitabu nyingi hutumia betri bapa kama kitufe. Nyumba yenye mtoto inunue tu yenye kifuniko cha skrubu, au ya kuchajiwa. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Kimbilia hospitali mara moja, hata kama mtoto anaonekana mzima.

"Hamu yenyewe imeondoka"

Kama ni kitabu kimoja, kiache kwenye ukurasa wa 50 bila kuomba radhi, urudie kile ulichokipenda zamani. Lakini kama hamu ya vitabu imeondoka pamoja na hamu ya chakula, ya watu na ya mtoto, na hali imezidi wiki 2, hasa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, zungumza na daktari au muuguzi. Huo ni ugonjwa unaotibika. Ukijisikia kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje wiki 2, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Tiba iliyofanya kazi ikiacha kufanya kazi

Hilo hutokea kila mtoto anapobadilisha ratiba: anapoanza kutambaa, anapoacha kunyonya, na zaidi ya yote anapoacha usingizi wa mchana, ambao wengi huuacha kati ya miaka 3 na 5. Chukua karatasi mpya, andika siku 3 tena. Kwa yule aliyeacha kulala mchana, jaribu kuiweka ileile saa iwe saa ya utulivu: kila mmoja mahali pake, kikapu chake cha vitabu, saa ya mchanga ya dakika 10 igeuzwe mara mbili.